Nusu marathoni ukiwa na kisukari, uoni hafifu na sikio moja

Swali: "Nina miaka 36, na kisukari aina ya kwanza nimeishi nacho miaka 22. Macho yote mawili yalichomwa leza miaka mitatu iliyopita; sasa naona mwanga, vivuli, na kitu kikubwa kikiwa karibu. Sikio la kushoto halisikii tangu utotoni, la kulia navaa kifaa cha kusikia. Natumia sindano za insulini, si pampu, na nina kihisi cha sukari mkononi. Natembea kwa kasi saa nzima bila shida. Nataka kukimbia kilomita 21 baada ya miezi saba, ila nyumbani wanasema nitaanguka. Inawezekana? Nianzie wapi?"

Inawezekana, dada, na miezi saba inamtosha mtu ambaye tayari anatembea saa nzima. Hofu ya kuanguka ina dawa yake, nayo ni kiongozi mzuri na kamba fupi. Mimi naogopa kitu kingine ambacho hukukitaja: saa nane usiku baada ya mbio ndefu. Sukari inashuka ukiwa usingizini, kifaa cha kusikia kiko juu ya meza, simu inalia na kuwakawaka kwa mtu asiyeisikia wala kuiona. Wewe uko hatarini zaidi kitandani kuliko barabarani, na mpango wako wote ujengwe ukilijua hilo.

Sababu ni hii. Ushauri wanaopewa wakimbiaji wenye kisukari huchukulia kwamba wanaona skrini na kusikia kengele. Ushauri wa wakimbiaji wasioona huchukulia kwamba wanamsikia kiongozi vizuri. Ule wa wakimbiaji viziwi huchukulia kwamba wanaona. Ukiokota kila ushauri ulivyo na kuurundika pamoja, unabomoana. Kwa hiyo kila ujumbe unaohusu usalama wako upewe njia mbili: mguso au mtetemo unaokufikia mwenyewe, na mtu wa pili anayeupata ujumbe uleule.

Vipimo kabla ya hatua ya kwanza

Anza kwa daktari wa macho. Usimuulize kama unaruhusiwa kukimbia, maana utapata jibu la jumla tu. Muulize kama ile mishipa mipya ya damu ambayo kisukari huiotesha kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, imenyauka au bado inaota. Mishipa hiyo ni dhaifu. Ikiwa bado hai, mazoezi makali, kuruka, kubeba vizito kwa kubana pumzi na kuinamisha kichwa vinaweza kuipasua, damu ikamwagika ndani ya jicho. Ikiwa leza imeituliza na hali haijabadilika, kukimbia kwa mwendo wa kuzungumza kwa kawaida hakukatazwi. Watu wengi hudhani aliyepoteza sehemu kubwa ya uoni hana tena cha kulinda. Unacho: mwanga na vivuli vinakusaidia kukaa wima na kujua barabara inaelekea wapi, na ukivipoteza mbio zitakuwa ngumu maradufu. Ukiona ghafla nukta nyeusi nyingi zinaelea, mimweko ya mwanga, au kama pazia linashuka upande mmoja, unasimama hapohapo na kwenda hospitali siku ileile.

Leza yenyewe hupunguza uoni wa pembeni na wa gizani, na jicho huchelewa kuzoea mwanga unapobadilika. Ndiyo maana alfajiri na magharibi, saa wanazozipenda wakimbiaji, hazikufai. Barabara yenye miti inayokata jua vipandevipande nayo ni mbaya, kwa sababu kila kivuli kitaonekana shimo na kila shimo litaonekana kivuli. Tafuta mwanga ulio sawa, hata kama ni njia isiyopendeza.

Kwa miaka 22 ya kisukari, moyo upimwe ukiwa kwenye mwendo, yaani juu ya mashine ya kukimbilia huku umefungwa nyaya za kurekodi moyo. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya moyo, na mtu akakosa damu ya kutosha kwenye moyo bila kuhisi maumivu ya kifua. Omba pia presha ipimwe ukiwa umelala kisha umesimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, mishipa ya fahamu inayoendesha presha na mapigo huenda imeguswa, na hapo usitumie mapigo ya moyo kwenye saa kupimia kasi. Tumia maneno: ukishindwa kumwambia kiongozi wako sentensi ya maneno kumi bila kuhema katikati, punguza mwendo.

Miguu ijaribiwe kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10 unaogusishwa chini ya nyayo. Kutouhisi hakukufungii mlango wa kukimbia, ila kunabadilisha namna ya kutunza miguu. Kunagusa pia jambo ambalo ni wachache watakaokuuliza: mizani ya mwili. Mwili husimama kwa kutegemea macho, sikio la ndani na nyayo. Macho yako yamepungua. Uziwi wa tangu utotoni mara nyingine huja na kiungo cha mizani kilichoathirika upande huohuo. Nyayo nazo zikiwa na ganzi, umebaki na kidogo cha kusimamia. Jipime hivi: simama kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikiwa karibu, miguu pamoja, macho yamefumbwa, mtu akiwa mbele yako. Sekunde 30 bila kuyumba sana ni dalili njema. Ukianza kuanguka mapema, muone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kukimbia. Hata ukifaulu, simama kwa mguu mmoja sekunde 20 mara tano kila mguu, kila siku, mkono ukiwa karibu na ukuta. Zoezi hili halina raha yoyote, na wengi huliacha baada ya wiki mbili. Usiliache.

Kiongozi na kamba

Kiongozi akae kulia kwako, upande wa sikio linalosikia. Hili halina mjadala, hata kama yeye amezoea upande mwingine. Tafuteni njia ambayo upande wake wa kulia hauna msongamano, badala ya kubadilishana nafasi kila mara.

Mtu anayesikia kwa sikio moja hatambui vizuri sauti inatoka wapi. Ukisikia honi, usiamue mwenyewe gari liko upande gani, subiri kamba. Hili lifanyieni mazoezi, kwa sababu silika ya mtu ni kukwepa kuelekea upande ule anaodhani hauna hatari.

Kamba iwe isiyovutika. Kamba nene ya kiatu iliyofungwa kama tarakimu 8 inatosha, kitanzi kimoja kwako na kimoja kwake, mikono yenu ikiachana kwa sentimita 10 hadi 30. Kamba ya mpira inachelewesha ujumbe: kiongozi ameshakata kona, wewe bado unaenda mbele. Vitanzi vishikwe kwa vidole badala ya kukazwa kwenye kifundo cha mkono, ili mmoja akijikwaa mwingine aweze kuachia. Mikono yenu ya ndani inapaswa kupunga pamoja, na kwa hiyo miguu inakwenda kama kwenye kioo: mguu wako wa kulia unatoka pamoja na mguu wake wa kushoto. Mkikosana hatua, viwiko hugongana na kamba huanza kutikisika ovyo, na kamba inayotikisika ovyo haiwezi kubeba ujumbe. Wiki mbili za kwanza tembeeni tu na kamba, dakika 20 kila mara, mpaka mkono uache kufikiri.

Kifaa cha kusikia hukuza pia upepo. Mkikimbia kuelekea upepo, maneno ya kiongozi yatamezwa hata akipiga kelele, kwa hiyo lugha ya kamba iwe ndiyo lugha kuu na maneno yawe nyongeza. Unaweza kuanza na hizi: kamba kuvutwa kidogo kuelekea kwake ni tunapinda kulia; kiwiko chake kukusukuma kwa upole ni tunapinda kushoto; mkono kuinuliwa ni kuna ngazi au ukingo wa kupanda; mkono kushushwa ni tunateremka; kamba kushtuliwa mara mbili kwa kifupi ni punguza mwendo; kiganja kukamata kifundo cha mkono wako ni simama sasa hivi. Kugonga mara tatu juu ya mkono iwe na maana moja tu: pima sukari. Ishara zisizidi nane, maana zikizidi utazichanganya utakapochoka. Kiongozi anaposema kwa mdomo, namba itangulie: "Tatu, mbili, moja, panda." Neno "angalia!" halina faida yoyote kwako.

Njia ikiwa nyembamba, kiongozi anatangulia, mkono wa kamba anauweka nyuma ya kiuno chake, nawe unafuata kwa mwendo wa kutembea. Msijaribu kukimbia hivyo mpaka mmeshazoeana miezi kadhaa.

Kiongozi lazima awe na kasi kukuzidi kwa mbali. Kama wewe utakimbia kilomita kwa dakika 8, yeye awe anaikimbia kwa dakika 6 na nusu huku akizungumza bila taabu, kwa sababu kazi yake ni kuona, kusema, kubeba sukari na kukusoma wewe. Henry Wanyoike, mkimbiaji Mkenya asiyeona, aliposhinda dhahabu ya mita 5000 kwa wasioona mjini Sydney mwaka 2000, aliyeishiwa nguvu karibu na mwisho alikuwa kiongozi wake. Wanyoike alikuwa na mwili wa bingwa wa kulimaliza tatizo hilo. Wewe fundisha viongozi wawili tangu mwanzo, ili mmoja akiugua au akisafiri mazoezi yasisimame.

Sukari njiani

Namba zifuatazo zinakwenda sambamba na mwongozo wa pamoja wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mazoezi na kisukari aina ya kwanza. Zipeleke kwa daktari wako mzirekebishe pamoja, kwa sababu anazijua figo zako na dozi zako. Ninaandika kwa milimoli kwa lita. Kupata miligramu kwa desilita, zidisha kwa 18.

Unapoanza kukimbia, sukari iwe kati ya 7 na 10. Ikiwa chini ya 5, kula gramu 10 hadi 20 za wanga wa haraka na usubiri mpaka ipande. Ikiwa kati ya 5 na 7, kula gramu 10 kwanza. Kati ya 10 na 15 unaweza kuanza. Ikizidi 15 bila sababu unayoijua, pima ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikipungua: zikifika 1.5 hakuna mazoezi siku hiyo. Zikiwa kati ya 0.6 na 1.4, shughulikia insulini kwanza. Na kama ndani ya saa 24 zilizopita sukari ilishuka mpaka ukahitaji kusaidiwa na mtu, pumzika, kwa sababu mshuko mmoja hudhoofisha onyo la mwili kwa mshuko unaofuata.

Kinachowaangusha wengi ni insulini ya chakula iliyobaki mwilini. Mbio fupi za wiki zikimbie asubuhi kabla ya kifungua kinywa, mwanga ukishatulia. Saa hiyo insulini ya chakula haimo, na sukari haiyumbi sana. Kwa wengine hata hupanda kidogo. Mbio ndefu zinahitaji chakula saa mbili hadi tatu kabla, na hapo dozi ya chakula hicho hupunguzwa. Kwa mwendo wa wastani wa saa moja au zaidi, wengi huanza kwa kuipunguza nusu, na wengine huondoa hata robo tatu yake. Usidunge kwenye paja siku ya kukimbia. Msuli unaofanya kazi huinyonya insulini haraka kuliko ulivyopanga. Dunga tumboni.

Ukiwa njiani zaidi ya saa moja, panga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kidogokidogo kila dakika 20. Vidonge vingi vya glukozi vina gramu 4 kila kimoja, na pakiti nyingi za jeli zina gramu 20 hadi 30, lakini mtu akusomee lebo mara moja kisha uweke alama ya mguso: mpira mmoja wa kufungia kwenye jeli ya kawaida, miwili kwenye ile yenye kafeini. Mfuko wa kushoto uwe wa sukari ya dharura peke yake, usichanganywe na kitu kingine hata siku moja. Chokoleti na biskuti zisihesabiwe kuwa dharura, maana mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Kihisi kiwe mkono wa kushoto, mbali na kiwiko cha kiongozi. Saa inayotetemeka nayo ivaliwe kushoto. Mkono wa kulia una kazi ya kamba, na mtetemo wa saa utapotea katikati ya mitikisiko yake. Pandisha na kiwango cha kengele: wakati wa kukimbia iweke 5.6 badala ya 4. Kihisi hakipimi damu, kinapima maji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo sukari inaposhuka haraka namba yake hubaki nyuma, pengine dakika 10 au 20. Kinachosema "tano" huenda kinazungumzia sukari ya kilomita mbili zilizopita. Kwa sababu hiyo kila dakika 20 unahitaji vitu viwili, namba na ule mshale unaoonyesha sukari inaelekea juu au chini, vikisomwa na simu kwa sauti karibu na sikio la kulia, au na kiongozi mwenye simu inayopokea taarifa zako.

Maamuzi yafanyeni mapema, si huko barabarani. Ikiwa 7 na mshale unaelekea chini, kula gramu 15 huku mnaendelea. Ikifika 5.6, tembeeni, ongeza gramu 15 hadi 20. Chini ya 4 mnasimama, unakaa chini, unakula, mnangoja dakika 15 na kupima kwa kidole, na hamuanzi tena mpaka izidi 5 na mshale umetulia. Ikishuka chini ya 3, mbio za siku hiyo zimekwisha, hata kama imebaki kilomita moja. Kabla ya kupima kidole, kioshe kwa maji na ukikaushe: jeli iliyoganda kwenye ngozi inaweza kuonyesha sukari ya 12 wakati una 3.

Dalili za kawaida za sukari kushuka ni jasho, moyo kwenda mbio, miguu kulegea na macho kufifia. Mkimbiaji anayo matatu ya kwanza kila siku, na la nne kwako halina maana. Hapa kamba ina faida ambayo hata mashine haina. Kiongozi ataona kwanza kwamba unavuta upande mmoja, au hatua zenu zimepishana bila sababu, au unachelewa kujibu ishara, au umekuwa mkali kwa jambo dogo. Akishuku, agonge mara tatu na kukuambia utaje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Ukikwama, unakula kwanza, mnapima baadaye. Na mkubaliane leo, ukiwa na akili zako timamu, kwamba kiongozi akisema "kula" unakula bila kubishana, kwa sababu ubongo uliokosa sukari hubisha kuliko kawaida.

Kiongozi afundishwe kutumia glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, na aibebe. Ukipoteza fahamu asikutie kitu mdomoni. Akulaze kwa ubavu, atoe glukagoni, na aite gari la wagonjwa wakati uleule bila kungoja matokeo. Glukagoni hufanya kazi kwa kufungua akiba ya sukari kwenye ini, na baada ya saa mbili za kukimbia akiba hiyo huenda imekwisha.

Mambo mawili madogo kuhusu vipimo. Baadhi ya vihisi hudanganywa na parasetamoli, vingine na vitamini C nyingi. Mtu akusomee karatasi ya kihisi chako. Na vijiti vya kupimia pamoja na insulini visikae kwenye jua: insulini inayotumika isizidi nyuzi 30, na isigandishwe kamwe. Chupa ya barafu iliyogusana na kalamu ya insulini imewaharibia watu dozi bila wao kujua.

Usiku

Misuli inaendelea kujaza akiba yake saa nyingi baada ya mbio, na sukari inaweza kushuka saa 6 hadi 15 baadaye, hata siku nzima. Siku ya mbio ndefu, dozi ya chakula kinachofuata mara nyingi hupunguzwa kama nusu. Ile ya muda mrefu inayodungwa usiku hupunguzwa kama asilimia 20 kwa usiku huo. Ila kama insulini yako ya muda mrefu ni degludeki, kuipunguza usiku mmoja hakusaidii, kwani inakaa mwilini zaidi ya siku. Hapo unategemea kula kabla ya kulala. Ukienda kulala na sukari chini ya 8, kula gramu 15 hadi 30 za wanga bila insulini. Siku hiyo usinywe pombe kabisa, maana inalizuia ini kutoa sukari.

Sasa kengele. Mtetemo wa saa ya mkononi peke yake ni dhaifu kwa mtu aliyechoka. Kuna vifaa vya kutetemesha kitanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya viziwi, hukaa chini ya godoro au mto na kupokea ishara ya simu. Pata kimoja. Njia ya pili iwe mtu wa nyumbani mwenye simu inayopokea taarifa zako, naye awe ndani ya nyumba usiku huo, si mji mwingine. Usilalie mkono wa kushoto: kihisi kikikandamizwa hutoa namba za chini za uongo, na kengele ikidanganya mara tatu utaizima mwenyewe. Ukilala ubavu wa kulia unaziba sikio zuri, lakini bila kifaa lilikuwa halikusaidii sana, na mtetemo haujali umelalia upande gani.

Mazoezi yenyewe

Sehemu hii ndiyo rahisi. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Mwezi wa kwanza, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, kwa nusu saa. Kila wiki mbili ongeza sehemu ya kukimbia. Kufikia mwezi wa tatu uwe unakimbia dakika 30 mfululizo, au dakika 4 za kukimbia kwa 1 ya kutembea, na hakuna ubaya kubaki na mtindo wa kukimbia na kutembea mpaka siku yenyewe. Ile dakika ya kutembea ni nafasi safi ya kusoma sukari. Kuanzia hapo, moja ya siku tatu iwe ndefu, ikiongezeka kilomita 1 kwa wiki, na kila wiki ya nne ishuke kwa kama theluthi moja. Ndefu kuliko zote iwe kilomita 17 au 18, wiki tatu kabla ya mbio. Usibadilishe umbali na dozi katika wiki moja, la sivyo hutajua kipi kilileta tatizo.

Miguu ikaguliwe kila baada ya kukimbia. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani na upapase mpaka kwenye ncha. Kijiwe au mshono uliokunjamana unaweza kuchimba kidonda usichokihisi. Ukivua, papasa kati ya vidole, kisigino na pembeni, ukitafuta unyevu, joto au uvimbe. Soksi ziwe nyeupe ili mtu anayekusaidia kuangalia aone damu au usaha mara moja. Lengelenge usilipasue, na kidonda chochote chini ya unyayo kinasimamisha mazoezi mpaka kipone. Kucha zikatwe na mtu anayeona.

Kwa maumivu ya misuli, ibuprofeni na diklofenaki ziache siku za mbio ndefu, hasa kama figo zimeguswa au unatumia dawa za presha. Figo iliyokauka maji haizihitaji.

Kifaa cha kusikia hufa kwa jasho polepole. Kivalishe kifuniko cha kitambaa, lakini kisizibe tundu la betri kama ni ya zinki, kwa sababu betri hizo zinahitaji hewa ili zifanye kazi. Kila usiku kiweke kwenye kopo lenye chembe za kukausha unyevu. Beba betri ya akiba, na jifunze kuibadilisha kwa kupapasa. Mazoezi mawili kwa mwezi yafanyeni na kifaa kimezimwa kabisa, kwenye uwanja tambarare usio na magari, ili siku kitakapokufa katikati ya mbio kamba iwe inatosha.

Siku ya mbio

Waandikie waandaaji miezi miwili kabla: unakimbia na kiongozi, unabeba sindano na glukagoni, na mnaomba kuanzia nyuma au kabla ya umati. Katika riadha ya wasioona kiongozi haruhusiwi kukuvuta wala kukusukuma, na wewe ndiye unayetangulia kuvuka mstari. Fuateni hivyo hata kama mbio zenu ni za kujifurahisha. Vaa bangili yenye maneno "kisukari, insulini, sioni vizuri, sisikii vizuri". Mhudumu asiyejua hayo atakuuliza swali kwa upande wa kushoto, usijibu, na aandike kuwa umechanganyikiwa.

Asubuhi hiyo sukari huenda ikapanda kwa wasiwasi hata bila kula kitu. Usiikimbize kwa dozi kamili. Adrenalini ikishaondoka, na mwendo ukianza, itashuka yenyewe. Ikiwa lazima urekebishe, nusu ya dozi ya kawaida, na iwe mapema. Kwenye vituo vya maji kiongozi ndiye achukue kikombe, ninyi mkiwa mnatembea. Kunywa kwa kiu, si kwa ratiba.

Wiki hii usikimbie bado. Weka miadi ya macho, na kifaa cha kutetemesha kitanda kikifika, mwambie mtu wa nyumbani abadilishe kiwango cha kengele ili ilie usiku mmoja asiokutajia, wewe ukiwa umelala na kifaa cha kusikia kimevuliwa. Fanyeni hivyo nyakati tatu tofauti. Ukiamka zote tatu, anza na kamba. Ukikosa kuamka hata mara moja tu kati ya hizo, sogeza kifaa cha kutetemesha karibu na bega na mrudie.